Utumbo mwembamba ukigoma: ubaki na TPN (kulishwa kwa mshipa), uukarabati uliobaki, au upandikizwe mwingine?

Hii nimemuandikia mtu mmoja tu, yule ambaye yeye mwenyewe au mtoto wake au mama yake amekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, au utumbo upo lakini haufanyi kazi, na daktari ametaja njia tatu kwa mpigo afu akaendelea na mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Ukibaki na simu mkononi ukigugo usiku unapata either matangazo ya hospitali au makala za kitaalamu ambazo hata nesi anazisoma mara mbili. Kwaio tuziweke hizo njia tatu pamoja tuzipime kwa kipimo kimoja.

Kwanza kabisa ujue hali ya huyo mgonjwa wako, mana bila hivyo kulinganisha ni kupiga ramli. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una mita kama 6 hivi, wengine 3, wengine zaidi ya 8. Ukibaki chini ya mita 2 ndo wanaanza kusema utumbo mfupi. Sababu ni nyingi: utumbo kujisokota, damu kuganda kwenye mshipa unaoulisha, ugonjwa wa Crohn (utumbo kuvimba na kuwa na vidonda kwa miaka) uliofanya utumbo ukatwekatwe mara kadhaa, ajali, na kwa watoto kuna wanaozaliwa utumbo uko nje ya tumbo na wale njiti wanaopata kuoza kwa utumbo. Ila urefu peke yake hausemi yote. Aliyebaki na chini ya mita 1 ikaishia kwenye stoma, ule mfuko wa tumboni, kuna uwezekano mkubwa akategemea mshipa maisha yake yote, wakati mwenye sentimita 60 tu zilizounganishwa na utumbo mpana anaweza siku moja akaachana nao. Utumbo mpana unavuta maji na chumvi, na unachachusha mabaki ya wanga yakawa nguvu, watu wanaudharau sana. Maswali mawili ya kwanza kwa daktari basi: zimebaki sentimita ngapi, na utumbo mpana upo na umeunganishwa?

VIGEZO

Nitapima kila njia kwa mambo haya: uhai wa miaka mingi, siku ya kawaida inavyoenda, kinachoweza kukuua au kukuharibia, pesa na mahali, halafu inamfaa nani. Ladha ya maisha kila mtu anapima mwenyewe, kuna mtu kula ugali na samaki mezani na wenzake ni kila kitu, na kuna mwingine anachotaka ni kuwaona wanae wakikua tu, chakula baadae.

NJIA YA 1: TPN YA NYUMBANI

TPN ni kulishwa kwa mshipa. Stanley Dudrick na wenzake pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha mwaka 1968 kwamba kiumbe anaweza kukua kwa chakula cha mshipani peke yake, wakianzia kwa vitoto vya mbwa halafu kichanga cha binadamu. Kabla ya hapo mtu aliyepoteza utumbo wote alikuwa anasubiri siku tu.

Uhai. Kwa hili TPN inaongoza kwa namba, na wengi hawaamini. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2011 ukiongozwa na Pironi ulifuatilia wagonjwa miaka 5: wale wa TPN wasio na dalili ya kuhitaji kupandikizwa walikuwa hai asilimia 87, wale wa TPN wenye dalili hizo asilimia 73, na waliopandikizwa asilimia 54. Ila usizisome kama matokeo ya ligi, mana waliopandikizwa wengi walikuwa tayari wamezidiwa. Kilichothibitika ni kwamba kama TPN inakwenda vizuri, haraka ya kuiacha haipo.

Siku inavyoenda. Katheta (mpira mwembamba, wengine wanauita lain) inaingia kifuani hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Jioni mfuko unatolewa kwenye friji mapema ubaridi wake uishe, unaangaliwa kama umechuja au umejitenga mafuta juu, meza inafutwa, mikono inaoshwa kweli kweli sio ile ya kunawa kabla ya kula, vitamini zinaingizwa, kichwa cha lain kinasuguliwa na spiriti kisha kinaachwa kikauke (hapa ndo watu wanaharakisha na hapa ndo wadudu wanapita), inasukumwa sindano ya maji ya chumvi, pampu inawashwa. Masaa 10 mpaka 14. Usiku unaamka kukojoa mara tatu nne ukiburuta stendi, pampu ikilia kwa sababu umelalia mpira nyumba nzima inaamka. Asubuhi unachomoa unaenda kazini. Wapo wanaofanya hivi usiku 7 kwa wiki, wengine wanapumzika 2, na wapo waliosoma, wakaoa, wakazaa.

Kinachoua. Vitu vitatu. Cha kwanza maambukizi ya lain: ukiwasha pampu na ndani ya saa moja ukaanza kutetemeka na homa, hiyo sio malaria mpaka ithibitike vinginevyo, zima, nenda hospitali usiku huohuo, usimeze panadol ukalala. Kuna dawa ya kufungia katheta inaitwa taurolidini, inabaki ndani ya mpira wakati hautumiki, imepunguza haya maambukizi vizuri sana. Cha pili ini kuharibika, hasa kwa watoto, na mafuta ya soya ya zamani yaliyokuwa ndani ya TPN yalichangia, ndo mana mafuta ya samaki yaliposhika kasi (Marekani yaliidhinishwa 2018 kwa watoto ambao nyongo yao inakwama kwa sababu ya TPN) watoto wengi ambao zamani wangepangiwa ini jipya walirudi rangi yao. Cha tatu mishipa kuziba. Kila katheta inayobadilishwa inaacha kovu, na mishipa mikubwa ya juu ya kuwekea ni minne tu, miwili ya shingo na miwili chini ya mitulinga.

Pesa na mahali. Uingereza NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, inalipa na kuna vitengo vikubwa kama St Mark's kule London na Salford. Kwetu Afrika Mashariki TPN wengi wanaijua ya ICU, ya siku au wiki kadhaa. Ya miaka nyumbani inataka kiwanda cha kuchanganya kwa usafi, gari la baridi kila wiki, friji isiyozimika umeme ukikatika, na nesi wa kumpigia simu. Hela ni sehemu tu ya tatizo, hata ukiwa nazo huo mnyororo mzima huwezi kuununua peke yako.

Inamfaa nani. Mwenye ini zima, mishipa ipo, maambukizi sio ya kila mwezi, na nyumbani yupo mwenye mkono msafi na subira.

NJIA YA 2: KUUKARABATI UTUMBO ULIOBAKI

Hii ndo njia isiyo na kelele, haiandikwi kwenye magazeti, na kwa maoni yangu ndo inayorukwa na watu wengi. Utumbo uliobaki hujirefushia vile vinyweleo vyake vya ndani na kutanuka, kazi hiyo inaendelea mpaka miaka 2 hivi baada ya oparesheni, kwa watoto hata zaidi. Ila unafanya hivyo ukilishwa. Ukikaa na njaa ukitegemea dripu tu, unalala.

Siku inavyoenda. Milo midogo mingi, dawa za kupunguza mwendo wa tumbo kama loperamaidi, dawa za kupunguza asidi. Na kuna jambo ambalo mama zetu hawalikubali hata uwaambie vipi: mwenye stoma ya juu akinywa maji matupu mengi anazidi kukauka, mana maji matupu yanavuta chumvi ya mwili yanatoka nayo kwenye mfuko. Wale wa St Mark's wana mchanganyiko wao, lita 1 ya maji, gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za sodiamu baikaboneti. Una ladha mbaya, ukipoozwa unashuka. Maji mengine, chai, juisi vinapimwa kwa kikomo ambacho timu itakupangia. Nimeona shangazi akimbembeleza mgonjwa "kunywa maji mwanangu umekauka" na mfuko ukijaa mbele ya macho yetu.

Halafu kuna oparesheni. Ya kwanza ni rahisi kuielewa: kama utumbo mpana upo umeachwa tu pembeni, urudishwe kwenye njia. Nyingine ni za kurefusha. Bianchi alieleza yake 1980, utumbo uliotanuka unapasuliwa kwa urefu ukawa mirija miwili inayoungwa kwa kufuatana. Mwaka 2003 Boston wakaja na STEP, ambapo utumbo uliovimba unabanwa kwa stepla kushoto kulia kushoto kulia mpaka njia inakuwa ya zigizaga, nyembamba na ndefu. Hizi zote zinataka utumbo uwe umetanuka, mwembamba wa kawaida hauna cha kukatwa.

Na kuna sindano. Tedugulutaidi inaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-2, unachoma chini ya ngozi kila siku, Marekani na Ulaya iliruhusiwa 2012, watoto Marekani 2019. Kwenye utafiti mkuu, asilimia 63 ya waliochomwa walipunguza maji ya TPN kwa angalau moja ya tano, dhidi ya asilimia 30 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Soma vizuri hapo: kupunguza, sio kuacha. Wapo walioacha kabisa ila usianze na hiyo ndoto. Hata hivyo kutoka usiku 7 kwenda 4 kwa anayeburuta stendi ni likizo.

Uhai na hatari. Hapa hatari ni ndogo kuliko kwingine. Sindano inakuza utumbo kwaio inaweza kukuza na vinyama, lazima uchunguzwe kwa kamera ya utumbo mpana kabla na baadae, na mwenye saratani hai ya tumbo hapewi. Mwenye moyo dhaifu aangaliwe asijae maji. Oparesheni za kurefusha zinaweza kuvuja au kushikana makovu, na utumbo unaweza ukatanuka tena.

Pesa na mahali. Mlo, vinywaji na loperamaidi unaweza kuanza hata Mbeya au Kisumu kesho ukiwa na daktari na mtu wa lishe anayejua anachofanya. Sindano ni kitu kingine, Marekani mwaka mmoja unapita dola 200,000, bila bima ya maana sahau.

Inamfaa nani. Karibu kila mtu kwa kuanzia, hasa mtoto, hasa mwenye utumbo mpana. Haimfai ambaye tatizo lake ni kuta za utumbo zenyewe, mfano watoto wanaozaliwa na seli za utumbo zisizofyonza, hao ukiwarefushia unawarefushia kitu kisichofanya kazi.

NJIA YA 3: KUPANDIKIZWA

Kuna aina tatu: utumbo peke yake, utumbo na ini, au kifurushi kizima cha tumbo, kongosho, ini na utumbo. Majaribio ya miaka ya 60 yalishindwa yote kwa maana ya mtu kuishi. Mwaka 1988 ndo mambo yakafunguka, Kiel Ujerumani kwa utumbo wa ndugu aliye hai na London ya Ontario, Kanada, kwa utumbo pamoja na ini. Kule Pittsburgh Thomas Starzl na timu yake walikuwa wanapambana na vifurushi vizima, na takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usikatae kiungo, ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 90 ndo ikawa tiba badala ya jaribio. Mwaka 2000 bima ya serikali ya Marekani, Medicare, ikakubali kulipia.

Uhai. Rejesta ya kimataifa iliyochapishwa 2015 ilikuwa na upandikizaji 2,887 kwa watu 2,699 kutoka vituo 82. Waliobaki hai: asilimia 76 baada ya mwaka 1, 56 baada ya miaka 5, 43 baada ya miaka 10. Mafanikio makubwa yako kwenye huo mwaka wa kwanza, zamani watu walikuwa wanakufa wodini. Baada ya hapo maendeleo ni ya kinyonga, viungo vinaendelea kupotea polepole kwa mwili kuvikataa.

Kwa nini utumbo ni mkorofi kuliko figo? Kwa sababu umejaa askari wa kinga, wa marehemu aliyetoa. Mwili wako unawaona wageni wengi kwa mpigo, na wao pia wanaweza wakakushambulia wewe, ngozi ikatoka vipele, ini likayumba. Juu ya hapo ndani yake kuna bakteria. Ukuta ukichubuka kwa kukataliwa, bakteria wanaingia kwenye damu, na wakati huohuo daktari anatakiwa akushushe kinga zaidi ili azuie kukataliwa. Huo mtego hamna kiungo kingine kinao kwa kiwango hicho. Na hakuna kipimo cha damu cha kuaminika, figo ina kreatinini, utumbo lazima uchungulie. Wiki za kwanza kamera inapitishwa kwenye stoma hata mara mbili kwa wiki, zinanyofolewa punje za nyama, zinapelekwa maabara. Nyumbani dalili ya kwanza mara nyingi ni mfuko: jana ulitoa lita 1, leo ulaji uleule umetoa 2 na ni maji maji, piga simu sa hiyohiyo. Pale Oxford wamekuwa wakipandikiza na kipande cha ngozi ya mtoaji yuleyule mkononi, ikitoka wekundu inaamsha mashaka mapema. Mimi hiyo naiona akili kubwa sana.

Hatari nyingine: virusi vya CMV, virusi vya EBV vinavyoweza kuleta saratani ya tezi za limfu, na figo. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2003 ulikuta kati ya waliopandikizwa viungo visivyo figo, wa utumbo ndo waliongoza kwa figo kufeli, asilimia 21 ndani ya miaka 5. Takrolimasi inakulinda na inakula figo zako.

Siku inavyoenda. Ikikubali, ni maisha mengine kabisa. Unakula, unaogelea, unasafiri na begi la dawa tu badala ya friji, usiku unalala. Watoto ambao hawajawahi kula wanahitaji kufundishwa kutafuna na kumeza, wengine wanaogopa kijiko miezi mingi, wazazi wajiandae wasidhani oparesheni imefeli. Dawa ni kwa saa ileile kila siku, maisha yote.

Yaliyobadilika. Kuongeza kipande cha utumbo mpana kwenye kipandikizi kumesaidia watu kuachana na TPN, na ini likija pamoja na utumbo wa mtu mmoja linaukinga usikataliwe kirahisi. Mwaka 2022 Hospitali ya La Paz, Madrid, walimpandikiza mtoto wa miezi 13 viungo vya mtoaji ambaye moyo ulikuwa umesimama, mara ya kwanza duniani kwa utumbo, na hiyo inaongeza watoaji hasa kwa watoto wanaokufa foleni. Ila utumbo hauvumilii barafu, wanautaka uunganishwe ndani ya masaa 6 mpaka 8 hivi, kwaio umbali bado ni kikwazo.

Jambo la kuchanganya: Marekani 2007 walifanya karibu 200, miaka ya karibuni ni chini ya 100 au karibu na hapo. Sehemu kubwa ni habari njema, njia ya 1 na ya 2 zimekuwa bora. Upande wa pili ni kwamba vituo vingi vinafanya wachache mno kwa mwaka, na kwa kazi hii mkono unaojirudia ndo unaookoa. Uliza kituo kimefanya wangapi mwaka jana, sio tangu kianzishwe.

Pesa na mahali. Miezi kadhaa ya kukaa karibu na kituo, na msindikizaji. Kutoka kwetu wengi wanatazama India, Chennai kuna hospitali zinazofanya. Kazi inaanza ukirudi: upate takrolimasi bila kukatika, maabara ya kupima kiwango chake, na daktari wa kuchungulia na kunyofoa sampuli akaisoma mtu anayeijua. Takrolimasi sio mgeni tena, Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, lakini kusoma kipande cha utumbo uliopandikizwa ni ujuzi mwingine.

Inamfaa nani. Ambaye njia ya 1 imemfelia kweli, na bado ana nguvu ya kubeba oparesheni.

SASA UCHAGUE VIPI

TPN inakwenda vizuri na utumbo mpana upo: kaa hapo, sukuma njia ya 2 kwa nguvu zote kwa miaka 2. Ila ujulikane na kituo cha upandikizaji mapema, kuonana nao sio kukubali kukatwa. Rejesta yenyewe ilionyesha waliokuwa wanasubiri nyumbani walifanya vizuri kuliko waliotolewa wodini wamezidiwa.

Macho yanageuka manjano, chembe sahani zinashuka, bandama linakua: usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Kama ini bado halijakakamaa huenda utumbo peke yake ukatosha na ini likapona, likishakakamaa unahitaji vyote viwili na foleni inakuwa nyingine.

Mishipa 3 kati ya ile 4 ya juu imeziba, au mtoto amelazwa ICU mara 2 kwa matatizo ya TPN (mtu mzima anaangaliwa kesi kwa kesi): hivyo ni vigezo ambavyo wataalamu walivipitia upya wakavichapisha 2020, rufaa iende. Wamo pia wenye uvimbe wa desmoidi uliovamia mizizi ya utumbo, ambao mara nyingine kuutoa ni kutoa na utumbo wote.

Mtoto njiti, tumbo limetanuka, kaanza manjano: tafuta kwanza kituo cha ukarabati wa utumbo chenye mafuta ya samaki, wengi wanageuka hapo bila kupandikizwa chochote.

Mzee wa miaka 70 mwenye moyo na kisukari: TPN iliyopangwa vizuri, na kuzungumza wazi na familia anataka nini. Hakuna aibu hapo.

Uko Dar au Mombasa na ndugu wanachangishana kwenye grupu la WhatsApp kwenda India: kabla kiwanja hakijauzwa, hospitali iandike kwa barua ni aina gani ya upandikizaji, je ukarabati umejaribiwa kwanza, na nani atachungulia utumbo huko nyumbani mwezi wa nne baada ya oparesheni. Kama jibu la hilo la tatu ni "mtarudi huku", piga hesabu ya tiketi za miaka, sio ya kwenda na kurudi mara moja. Familia nyingine zimeamua baada ya hapo kuweka ile hela kwenye TPN na ukarabati kwa ndugu aliyeko Uingereza au Kanada mwenye haki ya kutibiwa kule, nyingine zimeenda India na mtu anakula pilau leo.

Na vyovyote mtakavyoamua, kabla ya kuruhusiwa wodini ombeni nakala ya ripoti ya oparesheni yenye sentimita zilizobaki na picha ya mishipa ipi imewahi kuwekwa katheta. Hayo makaratasi mawili ndo kituo chochote kitakuuliza, na yakishapotea kuyatafuta upya kunataka oparesheni nyingine au skani ya gharama.